Choo chako hakitaniambia kwa nini una kisukari

Hakuna maabara hapa Mtwara inayoweza kupima "bakteria wazuri wa tumbo" na kukuambia wamebaki wangapi. Naulizwa kipimo hicho kila mara, na siku hizi wengi hawaji kuuliza, wanakuja na jibu lao tayari: magonjwa yote yanaanzia tumboni. Kisukari, presha, magoti, upele, kukosa mtoto, kukosa usingizi, vyote chanzo ni utumbo mchafu. Ujumbe wa WhatsApp umesema hivyo, aliyeuza chupa ya dawa ya kusafisha tumbo kasema hivyo, na ile mashine ya kushika fimbo ya chuma mkononi imetoa kurasa kadhaa zinazosema utumbo una sumu. Fimbo haijagusa damu yako, haijagusa mkojo wala choo, lakini karatasi imetoka na rangi nyekundu na kijani, basi inaaminika. Kilichobaki ni mimi niweke muhuri.

Siweki. Mimi ni mteknolojia wa maabara, choo cha watu ni kazi yangu ya kila siku, na nimechoka kuona jambo zito la kisayansi likigeuzwa kuwa biashara ya kuharisha.

Tuanze na ninachokiona. Nachota choo kidogo kwa ncha ya kijiti, nakikoroga kwenye tone la salaini upande mmoja wa slaidi na tone la iodini upande wa pili, nafunika, naweka kwenye hadubini. Kwa mtu mzima asiye na shida naona chembe za wanga zilizogeuka bluu nzito kwenye iodini, maganda ya mbaazi, nyuzi za mboga, matone ya mafuta, na bakteria kila mahali, wengine wakitikisika bila kwenda popote. Hao bakteria siwaandiki kwenye majibu, kwa sababu sehemu kubwa ya choo, ukiondoa maji, ni wao. Ninaowatafuta ni wengine: mayai ya minyoo, vimelea kama amiba na giardia, chembe za damu.

Mzuri na mbaya hawatofautiani kwa sura. Kwenye hadubini bakteria mwenye umbo la kijiti ni kijiti tu. Kuwatambua kwa majina kunahitaji kusoma DNA yao, na huko Ulaya na Marekani zipo kampuni zinazouza huduma hiyo kwa mtu yeyote. Unapata orodha ndefu ya majina na asilimia. Lakini orodha hiyo inabadilika kutegemea namna DNA ilivyotolewa kwenye sampuli, na hata ikitolewa vizuri hakuna kiwango cha kawaida cha kuilinganisha nacho. Hemoglobini, yaani wingi wa damu, ina kiwango. Sukari ina kiwango. Bakteria wa utumbo hawana, maana watu wawili wazima wa afya, wanaokula chungu kimoja, wanaweza kuwa na bakteria tofauti kabisa. Ukiniambia "wamepungua", nakuuliza: wamepungua kutoka wangapi?

Na zile hesabu zinazosambazwa, kwamba bakteria ni mara kumi ya seli za mwili na wana uzito wa kilo mbili, zilisahihishwa mwaka 2016. Watafiti Sender, Fuchs na Milo walikokotoa upya wakapata takriban trilioni 38 za bakteria kwa trilioni 30 za seli za binadamu, na uzito wao wote kama gramu 200. Ni wengi sana. Hakuna haja ya kuwaongeza.

Sasa ule "uchafu wa miaka". Kijana mmoja aliniletea kwenye kopo kitu kirefu cha kahawia kama mpira, kilichotoka baada ya siku kadhaa za kutumia unga wa kusafisha utumbo. Alikuwa na hofu ya kweli na nilimheshimu kwa hilo. Nilikata kipande, nikakitandaza kwenye slaidi. Nyuzi za mmea, ute wa mmea, bakteria wa kawaida. Hakuna minyoo, hakuna tishu ya binadamu. Unga wenyewe ni maganda ya mbegu yanayovimba na kushikana yakipata maji. Kilichotoka ndicho alichokimeza. Utando wa ndani wa utumbo hujibadilisha wote kila baada ya siku chache, seli za zamani zinabanduka na kutoka na choo, kwa hiyo uchafu hauna mahali pa kung'ang'ania miaka kumi. Anayetazama utumbo kwa kamera anaukuta wa waridi unaong'aa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kutumia unga wa aina hiyo.

Wazo hili ni la zamani. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Arbuthnot Lane, daktari bingwa wa upasuaji wa London, alikuwa akikata watu utumbo mpana akiamini unawatia sumu. Mwaka 1919 Walter Alvarez, daktari wa Marekani, alionyesha kwamba kichwa kuuma na uchovu wa mtu aliyefunga choo vinaweza kuletwa na utumbo kutanuka tu: ukijaza pamba kwenye njia ya haja kubwa unapata dalili zile zile, na pamba haina sumu. Ndiyo maana mtu akishapata choo hujisikia mwepesi papo hapo. Unafuu huo ni wa kweli. Hauthibitishi kwamba kisukari kimetoka nacho.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo hata watu waliosoma wanapoteleza. Wanasema: "Lakini utafiti umeonyesha wagonjwa wa kisukari wana bakteria tofauti." Ni kweli, umeonyesha. Swali ni kipi kilianza. Nzi wakijaa kwenye samaki aliyeoza, hujathibitisha kwamba nzi ndio waliomuozesha. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Ulaya lilirudi kuangalia tofauti hizo kwa wenye kisukari cha aina ya pili, likatenganisha wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, na wasiotumia. Sehemu kubwa ya kilichokuwa kimeitwa alama ya kisukari kilikuwa alama ya metformini. Dawa ndiyo iliyobadilisha bakteria. Mtu alikuwa anaumwa kwanza, akaandikiwa dawa, kisha choo kikabadilika, halafu sisi tukasoma choo na kutangaza kwamba kimemletea ugonjwa.

Na metformini siyo peke yake. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, inabadilisha bakteria wa utumbo. Antibayotiki inabadilisha, hilo kila mtu analijua. Kukosa choo siku tatu kunabadilisha, kuharisha kunabadilisha. Mgonjwa wa muda mrefu anakula kidogo, anatembea kidogo, anameza vidonge vingi. Nionyeshe mgonjwa wa namna hiyo ambaye choo chake hakitatofautiana na cha jirani yake mzima.

Msimu pia unabadilisha, na ushahidi mzuri umetoka nchini kwetu. Wahadzabe wa karibu na ziwa Eyasi walichunguzwa choo chao kwa misimu tofauti, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Baadhi ya makundi ya bakteria yalipungua mpaka kutoonekana wakati wa mvua, chakula kikiwa zaidi asali na matunda ya porini, yakarudi kiangazi, nyama ikipatikana zaidi. Kama mtu angewapima mara moja wakati wa mvua angeandika kwamba "bakteria muhimu wametoweka" na kuwauzia chupa. Sisi huku Kusini tuna msimu wa mabibo, msimu wa ming'oko, msimu wa mbaazi mbichi. Kipimo cha siku moja kingekuwa kimekamata chakula cha wiki hiyo.

Wanaokuja na habari za panya nao niwajibu. Panya wa maabara aliyezaliwa bila bakteria hata mmoja, akipandikizwa bakteria wa mtu mnene, anaweza kunenepa kuliko aliyepandikizwa wa mtu mwembamba. Ni matokeo ya kuvutia sana. Lakini huyo ni panya wa kizimbani, anakula chakula kimoja kila siku na hana bakteria wa kwake wa kushindana na wageni. Wewe unao.

Msinielewe kwamba bakteria hawawezi kutibu. Mwaka 2013 Uholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa wanaoharisha mara kwa mara kwa sababu ya bakteria aitwaye Clostridioides difficile. Baadhi yao waliwekewa choo cha watu wazima wa afya kilichochujwa, kupitia mrija. Kati ya 16 waliowekewa, 13 walipona baada ya kuwekewa mara moja tu. Kati ya 13 waliopewa antibayotiki ya vankomaisini peke yake, walipona 4. Huo ndio ushahidi: ugonjwa mmoja, kundi la kulinganisha, matokeo yanayohesabika. Anayedai kidonge chake cha bakteria kinaondoa presha alete jaribio la aina hiyo.

Wala sisemi tumbo halileti ugonjwa mwilini. Mnyoo wa safura ananing'inia kwenye utumbo akinyonya damu kila siku, na mama anayechoka kupanda ngazi anaweza kuwa na hemoglobini ya chini kwa sababu yake. Hilo nalipima na linatibika kwa bei ndogo. Lakini maumivu ya viungo ya muda mrefu huku kwetu yana historia yake. Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, na maumivu yake kwa baadhi ya watu hudumu miezi, hata miaka. Mtu akiambiwa viungo vyake vinauma kwa sababu ya utumbo mchafu, hakuna atakayemuuliza alipata homa lini.

Kwa H. pylori nina wasiwasi ambao vitabu havinisaidii. Bakteria huyu analeta vidonda vya tumbo, hilo lilithibitishwa na watafiti Marshall na Warren wakapata Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Lakini watu wengi Afrika wanaye na hawatapata kidonda maisha yao yote. Kipimo cha haraka cha damu kinatafuta kingamwili, yaani silaha za mwili dhidi ya bakteria, ambazo hubaki muda mrefu hata baada ya bakteria kuuawa. Kwa hiyo naandika "positive" kwa mtu aliyekuja na kuumwa mgongo, nikijua karatasi ile itamletea antibayotiki mbili na pengine haimhusu mgongo kabisa. Kipimo cha choo ni bora, ila utuambie kama unatumia omeprazoli. Inatakiwa iachwe wiki mbili kabla, kwa ushauri wa daktari, vinginevyo jibu linaweza kutoka safi kwa uongo.

Kinachoniuma zaidi ni wenye kisukari. Mama mmoja alikaa kwenye kiti cha kutolea damu akiwa na furaha. "Mwanangu, sukari imeondoka. Nimesafisha tumbo, dawa za hospitali nimeacha."

"Mama, siku hizo ulikuwa unakula nini?"

"Maji ya tangawizi na ile dawa. Ugali walinikataza."

Sukari ya kufunga, ile inayopimwa kabla ya kula, ilikuwa imeshuka kweli, kwa sababu alikuwa hali. Mtu yeyote mwenye kisukari cha aina ya pili akikaa siku kadhaa bila wanga namba itashuka, na akirudi kwenye ugali bila dawa itapanda tena, safari hii bila yeye kujua, kwa kuwa ameshaacha kupima. Ndiyo maana nawaomba waombe HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Siku chache za njaa haziwezi kuificha. Ina udhaifu wake: upungufu mkubwa wa damu na selimundu huipotosha, na huku kwetu vyote viwili vipo, kwa hiyo mwambieni daktari mapema ili ajue namna ya kuisoma. Nilimwambia mama arudi kliniki na chupa yake aionyeshe kwa daktari, na dawa zake azianze tena kwa kipimo atakachoambiwa. HbA1c yake ilitoka juu.