Tangi la Mimea kwa Diskasi Wachanga: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaoanza kufuga samaki wa mapambo hapa Nakuru huamini kwamba, kwa kuwa samaki aitwaye diskasi ni wa ukoo mmoja na ngege wa Ziwa Victoria, ataishi popote ngege anapoishi. Undugu huo ni wa kweli, kwani wote ni wa ukoo wa Cichlidae, lakini diskasi ametoka bonde la mto Amazon, penye maji ya uvuguvugu, laini (yaani yenye madini machache) na yenye asidi kidogo. Akiwa mchanga huhitaji nyuzijoto 28 hadi 30 usiku na mchana. Mji wetu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai tangi lisilo na hita hupoa hata likiwa sebuleni.

Dhana inayonisumbua zaidi ni ile ya sabuni: ati maji ya kisima yakitoa povu upesi, basi ni laini na yanamfaa diskasi. Maji mengi ya visima katika Bonde la Ufa yamepita kwenye miamba ya volkeno, yakabeba kalisi kidogo lakini sodiamu, bikaboneti na floraidi kwa wingi. Sabuni hutoa povu vizuri kwa sababu kalisi ni haba, ilhali pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati na chini yake ni asidi) ya maji hayo hayo huenda ikapita 8, na kadiri pH na joto vinavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia, itokayo kwenye uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, inavyogeuka kuwa ile inayomdhuru samaki. Basi pima pH, usitegemee povu. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua za kwanza husaidia yakichanganywa na ya kisima. Yakitumiwa peke yake hayana madini ya kuishikilia pH, nayo huweza kushuka ghafla. Diskasi waliozalishwa na wafugaji huvumilia pH iliyo karibu na 7, mradi isiyumbeyumbe, kwa hiyo ukipata kipimo kinachofaa cha mchanganyiko, kifuate kila unapobadilisha maji.

Husemwa pia kwamba mimea husafisha maji, hivyo samaki waweza kuingizwa mara moja. Mimea hufyonza amonia, ni kweli, lakini bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha ndani ya filta. Mara yangu ya kwanza niliwaingiza diskasi sita siku ya tatu. Siku ya tano jioni wawili walikuwa weusi kama masizi, mapezi wameyabana, wamejibanza nyuma ya hita huku mashavu yakipigapiga kwa kasi. Mimea yenyewe ilikuwa imenawiri.

Si kweli kwamba mimea yote hufa katika joto hilo. Anubias, ambayo asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, hustahimili, na vilevile Microsorum pteropus na Echinodorus. Mimi hupendelea mbili za kwanza, kwa kuwa hufungwa kwenye gogo kwa uzi na kuacha sakafu wazi. Diskasi wachanga hulishwa mara nne au tano kwa siku, na mabaki yakizama kwenye kokoto nene huoza yasionekane. Ndiyo maana wafugaji wengi huwakuza kwanza katika tangi tupu, lisilo na mimea wala kokoto. Anayetaka mimea tangu mwanzo aweke mchanga mwembamba wa sentimita 2 tu, anyonye uchafu kwa mpira wa maji kila siku, na abadilishe sehemu ya maji mara kadhaa kwa wiki.

Diskasi wawili hawatoshi: mnyonge hunyimwa chakula. Anza na sita, katika tangi la lita 250 au zaidi.

Umeme ukikatika usiku, usiwalishe. Funika pande za tangi kwa blanketi, uache nafasi ya hewa juu, na uyakoroge maji kwa kikombe mara kwa mara hadi filta irudi kufanya kazi.