Je, wajua kwa nini gololi za chuma, vile vidonge vya duara vinavyojazwa ndani ya katriji, hupandisha shinikizo la bunduki, ilhali chuma ni chepesi kuliko madini ya risasi?

Anayejaza mwenyewe katriji za kuwindia bata maji na bata bukini hulikuta swali hili mapema. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3; ya chuma ina gramu 7.9 hivi. Basi akiondoa gololi za risasi na kutia za chuma kwa uzito uleule, juu ya baruti ileile, bunduki ingepaswa kupata nafuu. Haipati. Shinikizo la gesi ndani ya mtutu hupanda, na mtutu mkongwe unaweza hata kupasuka.

Sababu ya kuiacha risasi inajulikana. Ndege wa majini humeza changarawe ili firigisi isage chakula, na gololi zilizozama topeni humezwa pamoja nayo. Firigisi huzisaga, asidi huziyeyusha, sumu huingia kwenye damu. Marekani ilikataza risasi katika uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, Denmark ikakataza gololi za risasi kabisa mwaka 1996, Uingereza ikaanza na England mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya ukafunga ardhi oevu zake zote mwaka 2023.

Turudi kwenye wepesi, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Gramu 30 za chuma na gramu 30 za risasi ni mzigo mmoja mbele ya baruti. Tofauti iko kwenye nafasi: chuma cha uzito huo hujaza karibu mara moja na nusu ya nafasi iliyojazwa na risasi. Ganda la katriji halirefuki, kwa hiyo kinachotolewa ili gololi zienee ni ule mto laini wa kizibo uliokuwa kati ya baruti na gololi. Wapo pia wanaodhani hatari yote ya chuma ni kukwaruza mtutu. Kukwaruza kupo, na huzuiwa na kikombe kinene kinachozizunguka gololi. Lakini kikombe hicho hakipunguzi shinikizo hata kidogo. Chenyewe kinakula nafasi zaidi.

Kiini cha jambo ni ulaini. Chukua ndoo mbili, moja ijaze madonge ya udongo mbichi, nyingine kokoto, kisha simama juu ya kila moja. Madonge yatabonyea, yatajipanga upya na kuziba mianya, na mguu wako utashuka kidogo kabla ya kukwama. Kokoto hazishuki. Ndani ya katriji, gesi ya baruti ndiyo mguu. Gololi za risasi hubonyezwa pale zilipo, kizibo nacho kinajikunja, na kwa muda mfupi mno gesi hupata chumba cha kutanukia kabla mzigo wote haujashika mwendo. Chuma hakitoi chumba hicho. Na baruti ina tabia moja ya ajabu: kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyoungua kwa kasi zaidi, na kadiri inavyoungua ndivyo shinikizo linavyozidi kupanda. Chumba kidogo kilichokosekana mwanzoni hugeuka kilele kirefu cha shinikizo muda mfupi baadaye. Ndiyo maana katriji za chuma hutumia baruti inayoungua polepole, na hujazwa kwa vipimo vilivyopimwa maabara kwa kila sehemu yake: ganda, fataki (kiwashio cha baruti), kizibo, baruti na gololi. Kubadilisha fataki peke yake kunaweza kuvuruga hesabu, na jicho haliwezi kuliona hilo kabla ya kufyatua.

Ugumu huohuo una faida. Gololi ya risasi iliyobonyea hupepesuka hewani; ya chuma hubaki duara na kwenda sawa, hivyo kundi la gololi halitawanyiki sana kama la risasi. Lakini gololi ya chuma huishiwa kasi mapema. Kanuni ya wawindaji ya kupanda saizi mbili, yaani kuchagua gololi za chuma zenye saizi mbili juu ya zile za risasi, hulinganisha uzito wa gololi moja moja tu. Gololi ya chuma yenye uzito wa ile ya risasi ina kipenyo kikubwa kwa asilimia 13 hivi, na uso unaopigana na hewa ni mkubwa kwa robo nzima na zaidi. Huko Texas, majaribio ya kuwinda njiwa hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya chuma na risasi. Ni ushahidi mzuri kwa njiwa wa karibu, ila haufai kunyooshwa hadi kwa bata bukini walio juu sana.

Hapa ndipo mitutu mipana inaponivutia. Geji, kipimo cha upana wa mtutu, huhesabiwa kwa tufe za risasi zinazoenea mtutu, na namba ikiwa ndogo mtutu huwa mpana zaidi: nne za geji 4 zinafanya ratili moja, za geji 8 ni nane. Marekani hairuhusu mtutu mpana kuliko geji 10 kwa ndege wahamao. Uingereza huruhusu hadi inchi 1.75 mdomoni mwa mtutu. Katika mtutu mpana, mzigo uleule hukaa mfupi na mpana, kwa hiyo chuma kinachotaka nafasi hupata nafasi. Geji 10 ilifufuka Marekani kwa sababu hiyo.

Geji 8 na geji 4, hata hivyo, nyingi zina zaidi ya karne moja na zilipimwa kwa baruti nyeusi, ile ya kale yenye shinikizo la chini. Ulaya, mtutu uliopimwa kwa katriji kali za chuma hugongwa alama ya ua la yungiyungi, na hizi hazina. Kwao metali ya bismuthi ndiyo chaguo la busara: gramu 9.6 hivi kwa sentimita ya ujazo, laini kiasi cha kubonyea, ikichanganywa na bati kidogo ili isivunjike. Ni ghali kuliko chuma, na katriji moja ya geji 4 humeza gramu 85 au zaidi.