Johnny Dollar: msimu wa vipindi vitano kwa wiki

Johnny Dollar, mhusika wa kubuni wa mchezo wa redio wa Marekani, alikuwa mpelelezi wa kujitegemea wa makampuni ya bima, makazi yake Hartford, Connecticut. Kila kisa alikisimulia kama hesabu ya matumizi: nauli ya ndege kiasi hiki, teksi kiasi hiki, hoteli, simu, na humo humo kati ya dola na senti unakutana na maiti. Mwisho anajumlisha na kutia saini: wako mwaminifu, Johnny Dollar.

CBS, mtandao wa redio wa Marekani, ilianza kukirusha kipindi hiki Februari 1949. Dick Powell alirekodi kipindi cha majaribio, kisha akaenda zake kuigiza mpelelezi mwingine. Charles Russell akashika nafasi, wakafuata Edmond O'Brien na John Lund. Nusu saa, mara moja kwa wiki. Havikuwa vibaya, ila ungembadilisha jina Dollar wa miaka ile, wasikilizaji wengi wasingeshtuka. Septemba 1954 kikaondolewa hewani.

Kilirejea Oktoba 3, 1955, kikiongozwa na Jack Johnstone, na Bob Bailey akiwa ndiye Dollar. Sasa kilikuwa cha dakika 15, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kawaida kisa kimoja kwa wiki. Piga hesabu: dakika 75 badala ya 30. Katika nusu saa, shahidi akidanganya lazima aumbuke upesi, maana muda unayoyoma. Kwa Johnstone, uongo wa Jumanne uliweza kukaa hadi Alhamisi, na Dollar akapata nafasi ya kuchoka, kumhurumia mtu asiyestahili, hata kuichukia kazi yenyewe. Bailey aliyabeba yote hayo kwa sauti tu. Kisa cha *The Phantom Chase Matter* kilifika sehemu 9, na ndicho ninachompa mtu anayeanza.

Novemba 1956 mtindo huo ulikoma, kikarudi nusu saa kwa wiki. Mwishoni mwa 1960 utengenezaji ulihamia New York bila Bailey. Bob Readick, aliyemrithi, hakukaa sana. Mandel Kramer, ambaye naona hapewi heshima yake, ndiye aliyefunga kazi, huku Johnstone akiendelea kuwaandikia.

Kipindi cha mwisho kilirushwa Jumapili, Septemba 30, 1962. Saa 12:35 jioni, kwa saa za New York, CBS ikaingiza *Suspense*, mchezo mwingine wa redio, nacho kikiwa kipindi chake cha mwisho. Wanahistoria wengi wa redio ya Marekani huihesabu jioni hiyo kuwa ndiyo iliyofunga enzi kuu ya michezo ya redio.