Deni la bodi haliulizi ulisoma nini

Huku Nyegezi na Malimbe, Mwanza, wazazi wengi wanaamini shahada inayochanganya fani, mathalani maendeleo ya jamii pamoja na uchumi na takwimu, ni kukopa kwa hasara: mshahara mdogo, deni la bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu linakumaliza.

Kwa mwajiriwa, hesabu haiendi hivyo. Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Chukua deni la milioni 9. Anayelipwa 800,000 hukatwa 120,000, anamaliza kwa miezi 75. Wa 1,200,000 hukatwa 180,000, anamaliza kwa miezi 50. Mshahara mdogo unarefusha deni, hauliongezi. Zamani uliliongeza kweli, kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Rais Samia alitangaza kuifuta hapa hapa Mwanza, Mei Mosi 2021.

Kinachonitia hofu mimi ni pesa isiyo ya bodi: ng'ombe waliouzwa, mkopo wa kikoba alioubeba mama. Hiyo haisubiri mtoto apate ajira, na riba yake inatembea kila mwezi. Anza kuihesabu hiyo kabla hujailaumu kozi.