Tofali za kufungamana haziyeyuki, mnaziharibu wenyewe

Kaniandikia mwingine tena: "fundi, hizo za kufungamana si mvua ikipiga zinageuka tope, wakimbizi wajengewe za kuchoma tu." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Tofali hizi ni udongo na saruji kidogo, zinashindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, na ukizipanga zinashikana zenyewe.

Za kuchoma unachoma na nini? Kuni. Kule Kasulu, Kigoma, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, 2015 Warundi wakaingia kwa wingi, na ugomvi wa mkimbizi na mwenyeji mara nyingi ni kuni, ni nguzo, mtu kaingia msitu wa kijiji na panga. We unaongeza tanuri juu yake. Haya, hilo limeisha.

Sasa huko kuyeyuka. Watu wanauliza "ratio ngapi fundi", wanataka niseme saruji moja kwa udongo kumi wakalale. Udongo upi? Ule mwekundu wenye mchanga mchanga wa huku Dodoma, moja kwa kumi inaweza kukupa tofali safi kabisa, chukua mweusi wa mbuga za Bahi kwa ratio hiyohiyo uone, ukikauka nyufa zinaingia kidole, maana mfinyanzi wake unavimba ukilowa unasinyaa ukikauka na saruji kidogo haiuwezi. Weka udongo kwenye chupa inayoonyesha, maji, chumvi kidogo, tikisa, acha mpaka kesho, mchanga utakaa chini mfinyanzi juu, pima tabaka ujue mfinyanzi ni kiasi gani. Bure kabisa! Ila hakuna anayepima, wote wanakimbilia kununua mashine.

Halafu kumwagilia. Tofali ikae kivulini, imefunikwa, ina unyevu angalau wiki nzima, na ukiweza usijengee kabla ya siku 28. Saruji inahitaji maji ndo ishike, we ukizianika juani kama dagaa, basi umebaki na udongo wenye rangi ya saruji, halafu mvua ikija lawama kwangu.

Hapa ndo sina jibu zuri lakini: hayo maji yanatoka wapi? Bombani kambini kuna foleni ya ndoo, nimwambie mama amwagilie tofali kwanza? Kufunika na nailoni kunapunguza, sidhani kama kunatosha.

Na mashine wafundishwe wote, wakimbizi na vijana wa kijiji, maana kambi zinafungwa, Mtendeli ilifungwa 2021, ila zahanati ya kijiji bado inataka tofali. Mashine iwe ya kijiji au ya kikundi? Hapo naona mabishano tu, na spea ikihitajika wote wanaangaliana.