Nilivyounda seva ya mafaili nyumbani kwa kompyuta ya mtumba

Kazi yangu ni kufunga mitandao maofisini, na mteja akishamaliza ya ofisi huniuliza ya nyumbani: simu zimejaa picha za watoto, laptopu ya zamani ilikufa na mafaili yake, bando halitoshi kupandisha kila kitu mtandaoni, sasa nifanyeje? Namwambia aunde seva ya mafaili, yaani kompyuta moja inayokaa nyumbani na diski zake, kila kifaa cha familia kikahifadhi humo. Na asimalizie hela kwenye kompyuta. Hela iende kwenye diski na UPS, yaani kasha la betri linaloshikilia umeme ukikatika.

Yangu ni Dell OptiPlex 7050 ya mtumba niliyoipata Kariakoo, ina i5 na RAM ya GB 8. Inatosha kabisa, kwani kugawa mafaili hakuichoshi prosesa. Chukua kasha refu. Yale membamba mara nyingi yana nafasi ya diski kubwa moja tu, nasi tunataka mbili pacha, kila moja ikibeba data ileile. Nimeipima diski zote mbili zikizunguka: inakula wati 30 hivi, sawa na uniti 22 za LUKU kwa mwezi.

Kwenye diski kuwa makini. Zipo ambazo njia zake za data zimepandiana kama mabati ya paa ili nafasi iongezeke. Ukitaka kubadilisha bati la chini, sharti uinue na la juu yake, kwa hiyo diski ya namna hiyo ikiandikwa mfululizo kwa saa nyingi huzidiwa. Aina hiyo inaitwa SMR. Kwa nakala ya kuweka kabatini haina neno, lakini ndani ya seva inatesa, hasa siku umebadilisha diski iliyokufa na mpya inajazwa upya yote. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, za TB 2 hadi 6, zilikuwa SMR. Ulizia CMR, ambazo njia zake hazipandiani, na hakiki namba ya modeli kabla hujalipa.

Programu ninayotumia ni TrueNAS. Ni ya bure, inakaa kwenye SSD ndogo ya peke yake, na unaiendesha kwa kivinjari. Naipendea ZFS, mfumo wa mafaili uliotoka Sun Microsystems na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005. Kila kipande cha data kinachoandikwa, ZFS hukipigia hesabu ya uhakiki na kuihifadhi mbali nacho. Kikisomwa, hesabu inapigwa tena. Zikipishana, inachukua kipande kizima kutoka diski pacha na kukisahihisha kibovu. Mifumo mingi ya kawaida ingekukabidhi picha iliyooza nusu, kimya kimya.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Wiki ya tatu baada ya kuiwasha niliandika zpool status, amri ya kuulizia hali ya diski, na kwenye mstari wa diski ya pili, safu ya CKSUM inayohesabu vipande vilivyoshindwa uhakiki, pakasimama 14 mahali pa sifuri. Diski mpya! Nilikuwa karibu kuirudisha dukani. Kabla ya hapo nikaisoma kwa smartctl, programu inayosoma kumbukumbu za afya ya diski: sekta mbovu hakuna hata moja, ila kipengele cha 199, kinachohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na mazabodi, kilikuwa kinapanda. Ilikuwa ni kebo ya SATA, kebo kuukuu niliyoichomoa droo ya mezani kwangu. Nikaweka mpya, nikafuta hesabu kwa zpool clear, nikaagiza ukaguzi wa diski zote. Sifuri hadi leo, na hakuna picha iliyopotea.

Umeme ukikatika ghafla ZFS haivurugiki, kwa sababu haiandiki juu ya data ya zamani kabla mpya haijakamilika. Kinachoua diski ni umeme unaorudi kwa kishindo. UPS ichomekwe na kebo yake ya USB kwenye seva, betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu.

Seva iunge kwa kebo, si waifai. Ruta nyingi za nyumbani zina milango ya megabiti 100, na kwa mwendo huo TB 1 inakula zaidi ya saa 22. Swichi ndogo ya gigabiti huishusha hadi saa mbili na nusu.

Diski pacha si nakala rudufu. Mtoto akifuta folda, imefutika kwenye zote mbili sekunde ileile. Kwa hilo nimeiagiza TrueNAS itunze hali ya mafaili ilivyo kila usiku, nami naweza kurudi nyuma siku 30. Mwizi akibeba kasha zima, hata hilo halisaidii. Ndiyo maana zipo diski nyingine mbili, za USB, nimezifunga kwa nywila, na moja inakaa kwa dada yangu Morogoro. Kila nikienda kumsalimia napeleka yenye nakala mpya na kurudi na ya zamani. Juu ya kila moja nimeandika kwa maka peni tarehe ya mara ya mwisho.