Je, wajua kwamba Ötzi hakuuawa na baridi?

Kwa miaka mingi niliamini kuwa Ötzi, yule mtu wa miaka 5,300 iliyopita aliyekutwa barafuni mwaka 1991 mpakani mwa Italia na Austria, alikufa kwa baridi. Hata wataalamu walidhani hivyo mwanzoni. Mwili ulikuwa mita 3,210 juu ya usawa wa bahari, umegandia barafuni. Nani angetafuta sababu nyingine? Kosa letu lilikuwa kuuliza mahali alipolala swali ambalo mahali hapawezi kulijibu. Barafu ilimhifadhi. Haikusema nani au nini kilimlaza pale.

Mwaka 2001, eksirei iliyopigwa Bolzano, mji wa Italia, ilionyesha chembe cha mshale, yaani ncha yake, cha jiwe la gumegume, kimezama katika bega la kushoto. Baadaye ikaonekana kwamba kilipasua ateri iliyo chini ya mtulinga.

Lakini mtu anaweza kuishi miaka mingi na chembe mwilini. Tutajuaje kwamba hiki ndicho kilichomuua? Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Ukijikata, damu hufuma nyuzi nyembamba za protini iitwayo fibrini, na seli za damu hunasa humo kama dagaa wavuni. Wavu huo ni wa muda, mfano wa jukwaa la mafundi: nyama mpya ikishajengwa, mwili hulibomoa. Ukikuta jukwaa bado limesimama, ujue ujenzi ulikatizwa ukiwa mwanzoni. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba wameona dalili za fibrini na seli nyekundu za damu katika jeraha la bega. Mwili haukupata siku za kupona.

Mkono wa kulia unasimulia tofauti. Una mkato mzito karibu na kidole gumba, nao ulikwisha kuanza kupona, kwa hiyo ni wa siku kadhaa kabla. Wengi husema aliupata akijikinga kisu. Inawezekana, ila jeraha huonyesha umri wake vizuri kuliko linavyoonyesha nia ya aliyelisababisha.

Kuhusu muuaji, ushahidi ni mwembamba zaidi. Wano, yaani mti wa mshale, ulikwisha kuchomolewa, ila shoka la shaba, mali ya thamani wakati ule, liliachwa kando yake. Wizi basi hauelekei kuwa sababu, ingawa hoja hiyo inasimama tu ikiwa aliyerusha mshale alimfikia pale alipoanguka.